Nyumba ya marehemu baba kando ya ziwa Kigoma: twende Juni au Disemba?

Dada mmoja wa Dar kaniuliza hivi, nafupisha maana meseji yake ilikuwa ndefu. Baba yao alifariki akaacha kinyumba cha vyumba viwili kando ya Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Ujiji, na huu mwaka wa tatu kimefungwa tu. Wako ndugu wanne, wote mjini, wanataka kiwe cha familia, watu waende likizo za shule wapumzike. Watoto ni wa miaka 5, 9 na 13, hakuna anayejua kuogelea, na mkubwa keshasema bila intaneti haendi. Waende Juni au Disemba? Na waanze kununua nini, maana kaka yake anataka kuanza na jenereta, dishi na ukuta.

Haya dada, pole kwanza na msiba hata kama ni wa siku nyingi. Mimi nimezaliwa huku, na kazi yangu zaidi ya miaka ishirini ni kubeba watu kwa boti na kuwaangalizia nyumba walioko mbali, kwa hiyo nakujibu kama ninavyowajibu wenye nyumba wangu, mengine hutayapenda.

Kwanza mwambie kaka atulie na huo ukuta. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na nyumba za wazee wetu nyingi zimo humo humo kwenye hizo 60 kwa sababu enzi zao mtu alijenga pale anapoona mtumbwi wake. Nyumba ipo, sawa, lakini ukianza kumwaga zege jipya unajiita mwenyewe matatizoni, nenda halmashauri uulize kabla. Halafu hata sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe lipo. Hili ziwa linapanda na kushuka, sio bomba la maji hili. Ukienda Ujiji kwenye ule mnara wa Livingstone na Stanley, walikokutana 1871, utashangaa mbona uko juu huko mbali na maji, enzi zile maji yalikuwa karibu, baadaye mto Lukuga upande wa Kongo ukazibuka ukalitoa ziwa maji likashuka miaka na miaka. Sasa miaka hii limepanda tena, Bujumbura watu walihama nyumba 2021 na 2024, na huku kwetu pia kuna watu ufukwe wao umeliwa wamebaki na ngazi zinazoingia majini. Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua hata mlango, mtafute jirani mzee akuonyeshe maji yalifika wapi 2024. Piga kigingi hapo. Chini ya kigingi hakuna kujenga, hakuna choo, hakuna stoo, kuna kucheza tu.

Sasa swali lenyewe, Juni au Disemba.

Wageni wangu wote wa mara ya kwanza wanasema Juni, kiangazi, hakuna mvua, na sio kwamba wamekosea, ila mimi ningekuwa nyie ningeenda Disemba na najua utashangaa. Sikiliza. Juni ni kukavu kweli, usiku kunapoa vizuri, njia hazina tope. Lakini kiangazi ndio msimu wa upepo wa kusini, kuna siku ziwa linachafuka kuanzia mchana hadi jioni mawimbi kama ya bahari, watoto wasiojua kuogelea utawaweka kibarazani wanalitazama tu. Kadiri kiangazi kinavyosonga watu wanachoma misitu na mashamba, moshi unatanda, milima ya Kongo ng'ambo hamuioni, mnaona ukungu wa kijivu basi. Na kubwa zaidi ni uvuvi. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa zima upande wetu kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, kwa hiyo kabla ya kupanga safari ya Juni ulizia mwaka mnaokwenda ikoje. Kufunga ni jambo zuri, mimi naliunga mkono, dagaa walikuwa wanaisha. Ila mgeni akija kipindi hicho anakuta ziwa usiku ni giza tupu na mezani maharage.

Disemba mvua inanyesha, ndiyo. Ila haikai kama ile ya Bukoba, mara nyingi inakuja kwa kishindo saa moja mbili, inaondoka, hewa inabaki imeoshwa, unaona milima ya Kongo kilomita kama 50 kule, mpaka mikunjo yake. Embe zipo. Uyoga wa miombo upo barabarani kwenye mabeseni, nunua kwa akina mama wanaouza kila mwaka, usithubutu kuwaacha watoto waokote wenyewe. Na taa za wavuvi zipo.

Hizi taa ndio sababu yenyewe ya mimi kusema yote haya. Kama hujawahi kuona sijui nikuelezeje. Giza likiingia unaona kitaa kimoja, viwili, ukija kugeuka ziwa zima limekuwa mji, mstari wa taa mpaka upeo wa macho, mtoto wa miaka mitano atakuuliza kule ni Dar? Wanavua dagaa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mwanga unavuta vijidudu vidogo vya majini, dagaa wanafuata vijidudu, migebuka inafuata dagaa, wavuvi wanainua wavu kutoka chini ya taa. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika siku kadhaa wanashona nyavu. Kwa hiyo msichague tarehe kwa kuangalia tiketi, angalieni mwezi. Watu wa Ujiji ni Waislamu wa siku nyingi, tarehe za mwezi wanazo kichwani, muulize yeyote, ila kwa kifupi tarehe 12 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu epuka, njoo kuanzia ishirini na kitu mpaka mwezi mchanga. Ni jambo dogo lakini nimeona familia zimetumia nauli kubwa zikaja mbalamwezi katikati, wakaondoka wanasema mbona kawaida tu.

Na jua la huku linachelewa, tuko magharibi mwa nchi halafu saa ni ile ile ya Dar, linazama zaidi ya nusu saa baada ya kwenu. Linazamia ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Jioni inakuwa ndefu, watoto wanajikuta wana zaidi ya nusu saa ya kuchezea ambayo Dar hawana.

Tuje kwenye maji maana hapa sitaki utani. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 pale penye kina kikubwa, na kwenye majabali linakatika ghafla, mtu anatembea maji ya goti hatua mbili mbele hakuna chini. Mtoto asiyejua kuogelea hapo hapigi hata kelele. Kwa hiyo kabla ya dishi nunueni laifujaketi za saizi ya watoto, tatu, za kuwakaa mwilini, sio zile za mtu mzima zinapanda mpaka masikioni. Nunueni kamba ndefu. Mtu mzima aingie majini kwanza, apite na mti, ajue kina kinaishia wapi, halafu mnafunga kamba toka jiwe hadi jiwe na madumu matupu yanaelea, huo ndio ukuta kaka anaoutafuta. Ndani ya madumu wanacheza, nje ya madumu hakuna mtu bila mkubwa. Na wekeni zamu, mtu mzima mmoja kakaa anaangalia watoto, hachati, hapiki, zamu ya nusu saa anapokea mwingine. Wote mkiangalia ujue hakuna anayeangalia.

Kuogelea watajifunza. Maji hayana baridi, mimi wangu walijifunza kwa wiki mbili wakishika dumu la lita kumi tupu kifuani wanapiga miguu. Kitakachowavuta kuingiza kichwa majini sio mimi wala wewe, ni samaki. Leteni miwani ya kuogelea ile inayofunika na pua, moja kwa kila mtoto. Maji yakitulia asubuhi kwenye mawe unaona chini kama kioo, na vile visamaki vya rangi, njano, bluu, mistari, vinavyouzwa Ulaya kwa watu wanaofuga kwenye matenki, vya kwetu ni aina zaidi ya 200 na karibu zote hazipatikani kokote duniani ila humu. Wapo mama wanaobeba watoto mdomoni, ukimkaribia vitoto vinakimbilia mdomoni kwa mama yao. Wapo wanaokaa ndani ya magamba ya konokono. Huyo wa miaka 13 mpe kazi ya kuchora kila anayemwona, usimwambie ni ya kujifunza, mwambie unataka tu kujua watafika wangapi.

Kichocho kipo, sitakuficha. Anayekileta ni konokono, na konokono anapenda maji yaliyotulia yenye majani, vijito vinapoingia ziwani, ghubani, karibu na watu wanapofulia. Kwenye mawe na mchanga wa wazi penye mawimbi hatari inapungua sana lakini haiishi. Basi chagueni mahali, asubuhi ni bora kuliko saa sita mchana maana mchana ndio vidudu vinatoka kwa wingi, mkitoka jifuteni kwa taulo palepale msisubiri kukauka, na mkirudi Dar pimeni mkishafikisha kama miezi miwili, ukipima mapema vipimo havioni kitu. Dawa ipo na ni rahisi. Maji ya kuogea nyumbani yavuteni kwenye tenki yakae siku mbili kabla ya kutumia, kidudu cha kichocho kikikosa mtu kinakufa. Ya kunywa chemsheni, hakuna mjadala, huku kipindupindu tunakijua. Choo kiwe juu, nyuma ya nyumba, mbali na maji. Chandarua kila kitanda, na kama nyumba ina nyavu za madirisha zilizochanika hiyo ndio siku ya kwanza ya fundi, malaria ya mkoa wetu sio ya kusimuliwa.

Mamba na viboko wanategemea mahali, kuna kona hawajaonekana miaka na kuna kona hamtakiwi kusogea hasa midomo ya mito, waulize wavuvi wa hapo hapo sio mtu wa mjini. Mnaweza kuona nyoka wa majini vilevile, swila wa ziwa, anakula samaki, hana habari na nyie, mpisheni apite. Radi hapana. Disemba ukisikia mngurumo hata wa mbali, wote nje ya maji, mtumbwi mchangani, ndani. Juzi tu jua linawaka, watu wanasema bado iko mbali, iko mbali, nikawatoa kwa nguvu na kunikasirikia wakanikasirikia.

Boti: mitumbwi ya jirani mtakopeshwa na mtaona raha, ila ni asubuhi, na jaketi mwilini sio chini ya makalio, na kando kando ya ufukwe. Gombe, ile hifadhi ya sokwe, msiingize kwenye ratiba ya safari ya kwanza, ni nzuri, ila ni safari yake peke yake na itakula pesa zenu na siku mbili.

Ndoano na mshipi watoto wavue kwenye mawe, hiyo haichoshi. Wasichukue chandarua wakakokota majini kama mchezo, wanaona watoto wa kijijini wanafanya lakini ni kosa, inazoa vifaranga vyote. Siku ya kwanza pitieni kwa mwenyekiti na watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, pale mwaloni boti zinapoegesha, mjitambulishe, mseme sisi ni watoto wa mzee fulani tumerudi. Asubuhi salimia kwa Kiha, "mwakeye", hata ukikosea matamshi watacheka na utakuwa umeshapata ndugu. Na mavazi, dada, ufukweni sio Kigamboni, mtu mzima jifunge kanga, bukta za kufika magotini kwa wanaume, Ujiji ni mji wa heshima.

Kula. Hapa nisikae sana maana nitaandika mpaka kesho, lakini kuna kitu kimoja lazima mfanye. Saa kumi na mbili asubuhi nendeni mwaloni na sufuria, boti zinaingia, nunueni dagaa wabichi bado wanang'aa kama vipande vya kioo, rudini mbio, wakaangeni bila kuwatoa kichwa wala nini, chumvi na limao, mle kwa mkono mkiwa mmesimama. Dagaa mnaowajua Dar ni wale waliokauka, ni watamu, ila hawa ni kitu kingine kabisa. Mchana mgebuka wa kuchoma au wa mawese na ugali wa muhogo, mawese ya hapa hapa Kigoma mekundu mazito, watoto wakikataa siku ya kwanza waacheni, siku ya tatu wataomba wenyewe wakishachoka na njaa ya kuogelea. Msibebe friza ya kuku toka Dar jamani. Kuna familia ilikuja na mafriza mawili, umeme ukakatika, tukala kuku wao mtaa mzima.

Ndio maana nasema jenereta hapana. Makelele yale usiku yanaua kitu mlichokifuata, hamtasikia maji wala wavuvi wanaoitana. Paneli ndogo ya sola ya taa tatu na chaji ya simu inatosha, hela iliyobaki panueni baraza. Baba yenu vyumba viwili alivijua, huku hakuna anayekaa ndani, chumba ni cha kulalia na kujificha mvua. Baraza pana inayotazama ziwa, paa limezidi mbele hata mvua ya upepo isiingie, mikeka, benchi moja refu. Kabla hamjaja mlipeni mtu wiki nzima kabla, afungue madirisha, atoe popo na nyigu, apige jembe majani yaliyozunguka nyumba maana nyoka wa nchi kavu wanapenda nyumba iliyofungwa, akague mchwa kwenye kenchi. Miaka mitatu kufungwa ni mingi, usilale humo usiku wa kwanza bila mtu kuingia na tochi mchana.

Safari yenyewe kwa watoto mimi ningepanda treni walau kwenda, SGR mpaka Dodoma halafu basi, au ile treni ya zamani moja kwa moja mkiwa na muda na mkiwa hamna haraka kabisa, narudia kabisa. Reli hiyo ilifika Kigoma 1914. Na mkubwa akianza kulalamika intaneti mpe stori ya meli iliyopita kwenye reli hiyo hiyo. Wajerumani waliunda meli kwao, wakaifungua vipande, wakaileta Dar, ikapandishwa treni, ikaungwa tena hapa Kigoma 1915, mwaka uliofuata vita ikawazidi wakaizamisha wenyewe, lakini wahandisi wakapaka injini grisi nzito kwanza ili siku moja waikute nzima. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi majini 1927 kwa jina la Liemba. Msimulie usiku, barazani, taa za wavuvi mbele. Asubuhi ataanza kuuliza ilizama wapi.

Mtandao kusema ukweli upo, sio wa kuangalia muvi lakini meseji zinaingia, kila nyumba ya ziwani ina jiwe lake la mtandao, yenu nadhani ni lile jabali la kushoto ukitoka mlangoni ila mtalitafuta wenyewe.

Bado moja mlilolikwepa kwenye swali, nyie mko wanne. Nimeangalia nyumba za urithi nyingi na kinachozibomoa sio mchwa. Ni ufunguo. Mmoja anakaa nao, wengine wanaomba kama wageni, mwaka wa pili hawaji, mwaka wa tano kunauzwa. Tengenezeni funguo nne. Nunueni daftari gumu likae juu ya kabati, anayeondoka anaandika tarehe, gesi imebaki kiasi gani, bati gani linavuja, mlinzi kalipwa mpaka lini. Mlinzi mlipeni kila mwezi hata kama hamji, hela ndogo lakini isikatike, anayedaiwa na watoto wake hawezi kuwalindia nyumba. Disemba mmoja, Juni mwingine, na mwaka mmoja wote pamoja hata kama watoto watalala barazani kumi kwenye mkeka mmoja.

Ukipata tarehe nitumie nikuangalizie mwezi. Na hiyo kamba ya madumu nunueni mita hamsini, wote wananunua ishirini halafu wanakuja kunigongea saa moja usiku.